Ndizi Zikiongezeka, Ulezi Unadaiwa

Binti wa kaka yangu yuko darasa la saba. Likizo ya mwezi wa sita alikuja kukaa kwangu hapa Pasua, Moshi mjini, na jioni ya pili akanifungulia daftari lake la hisabati. Kurasa nne za mada ya uwiano zilikuwa zimejaa kalamu nyekundu. "Shangazi, kanuni naijua," akasema, "ila majibu yanakataa."

Tukapitia swali moja baada ya jingine. Kanuni kweli aliijua. Kila mahali alikuwa amepanga namba zake vizuri, amechora mshazari wa kuunganisha namba za pembe kwa pembe, amezidisha na kugawanya, na katika kuzidisha kwake sikuona kosa hata moja. Lakini swali la mafundi 6 wanaojenga ukuta kwa siku 8, linalouliza mafundi 12 watatumia siku ngapi, alikuwa amelijibu siku 16.

"Mafundi wakiongezeka kazi inachelewa?"

"Hapana, inawahi."

"Sasa hawa 12 mbona umewapa siku 16?"

"Ndivyo ilivyotoka, shangazi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni usiku ule. Huyu mtoto amechuma kahawa na binamu zake, anajua wakiwa wengi wanarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Ila alipofungua daftari, yale anayoyajua aliyaacha mlangoni. Mimi si mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na Mbuyuni, mwaka wa kumi na tatu sasa, na kutwa nzima kazi yangu ni uwiano: mfuko mmoja tofali ngapi, lita moja ya rangi mita ngapi za ukuta, zege la moja, mbili, nne. Nimeona watu wengi wakipoteza fedha, na mimi mwenyewe nikiwemo, kwa sababu ya kujua kuzidisha bila kujua nini kinazidishwa kwa nini. Ndiyo maana naandika haya.

Jumamosi tukapanda kwa mama, Uru. Alikuwa anaandaa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ubatizo wa mjukuu wa jirani. Ndizi mbivu zilikuwa zimeshachemshwa tangu katikati ya wiki na kuachwa zichachuke, na siku hiyo ilikuwa zamu ya ulezi: kimea kilichoota, kikakaushwa na kusagwa, sasa kinapikwa uji mzito wa rangi ya udongo. Mama hupima kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki iliyoanza maisha yake ikiwa na rangi ya ukuta na ikamalizia sokoni ikiwa kipimo cha maharage. Kwa mikungu minne ya ndizi yeye hutia sado tatu za ulezi. Safari hii mikungu ilikuwa sita.

"Bibi, utatia sado ngapi?" mtoto akauliza.

"Nne na nusu."

"Umejuaje bila kuandika?"

Mama akaendelea kukoroga. "Ndizi zikiongezeka, ulezi unadaiwa," akasema. "Mikungu minne inadai tatu. Hii miwili ya juu ni nusu ya ile minne, na yenyewe inadai nusu yake."

Nimesikia mama akisema hivyo tangu nikiwa mdogo, ila siku ile ndipo nilipolisikia lile neno. Kudai. Kiswahili chetu chenyewe kimelificha humo humo. Mwia ni mtu anayemdai mwenzake, mwiwa ni yule anayedaiwa, na vitu vinavyowiana ni vitu ambavyo kila kimoja kina dai kwa kingine. Shuleni uwiano tunauona kama vinukta viwili katikati ya namba, 4:3, tunaukariri, tunaurahisisha, basi. Mama anauona kama deni. Mkungu ukiingia kwenye sufuria umeingia na dai lake, na ulezi lazima ulipe.

Tangu hapo nikaacha kumwambia mtoto "tumia kanuni". Nikawa namwuliza: hapa nani anamdai nani?

Deni la ndizi na ulezi ndilo rahisi kuliko yote, lile vitabu vinaloliita uwiano wa moja kwa moja. Kimoja kikiongezeka mara mbili, kingine nacho mara mbili. Kimoja kikipungua kuwa theluthi, kingine nacho theluthi. Ukigawanya kimoja kwa kingine, jibu halibadiliki kamwe: ulezi kwa ndizi ni robo tatu, iwe mikungu minne au arobaini. Uwiano mmoja, wa ndizi kwa ulezi, ni 4:3. Ukiuweka pembeni ya 6 kwa 4.5 ukaona vinalingana, hapo ndipo unapata ule usawa wenye namba nne, na hapo ndipo mshazari una haki ya kuchorwa. Namba tatu unazijua, ya nne unaitafuta. Kanuni hiyo ni kongwe. Wahindi waliiandika na kuiita kanuni ya namba tatu. Aryabhata ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 499. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka sura nzima ya mambo ya biashara na kusema kwamba miamala ya watu inasimama juu ya namba nne. Mojawapo ameiita thaman, neno lile lile ambalo kwetu ni thamani. Kwa hiyo mama mwenye genge pale Mbuyuni anapokukatia nusu sado ya njegere, anatumia hesabu iliyopita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Lakini ili deni lilipike, kipimo cha mdai na cha mdaiwa lazima kiwe kimoja. Hapa sina budi kusimulia sakafu yangu.

Nilipojenga nyumba hii ya Pasua nilikuwa tayari nauza saruji, na uwiano wa zege la jamvi, yaani la sakafu, niliujua kama jina langu: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Sehemu hizo ni za ujazo, si za uzito. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo unadai lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Fundi wangu alihesabu kwa karai: mfuko mmoja ni karai mbili, mchanga karai nne, kokoto karai nane. Hesabu safi kabisa. Asubuhi nilisimama pale nikaangalia mchanganyiko wa kwanza na wa pili, nikaridhika, nikaenda dukani kufungua.

Niliporudi saa tisa walikuwa kwenye chumba cha nyuma. Nikasimama pembeni nikaangalia mikono ya vijana badala ya kusikiliza hesabu. Karai la saruji lilikuwa la kukata, limesawazishwa vizuri, maana saruji ni ghali na kila mtu anaionea huruma. Karai la mchanga lilikuwa na kilima juu yake. La kokoto nalo hivyo hivyo. Kijana anayehesabu alikuwa anahesabu kwa uaminifu: moja, mbili, tatu, nne. Hakudanganya hata karai moja. Ila kilima kile kilikuwa kama robo ya karai, na robo nne ni karai zima. Mchanga uliohesabiwa nne ulikuwa tano, kokoto iliyohesabiwa nane ilikuwa kumi. Zege langu la 1:2:4 lilikuwa limegeuka 1:2½:5 bila mtu yeyote kubadilisha namba hata moja.

Juu ya hapo, zege lile kavu lilikuwa gumu kukoroga, kwa hiyo wakaliongezea maji lilainike. Maji ndiyo yaliyoniumiza zaidi, na hapo kuna somo ambalo sikulijua hadi baadaye. Mwaka 1918, Duff Abrams, mtafiti aliyekuwa akifanya majaribio ya zege huko Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege inafuata zaidi uwiano wa maji kwa saruji. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Wengi tukisikia hivyo tunasema, basi, huo ni uwiano kinyume. Sio. Kanuni ya Abrams inasema kila unapoongeza kiasi kile kile cha maji kwa saruji, nguvu inagawanywa kwa namba ile ile. Ukiongeza tena, inagawanywa tena. Ni deni linalozaa riba, na ndoo mbili za maji zinaweza kula nguvu ya ukuta ambayo mifuko mingi imelipia.

Sakafu ya vyumba vya mbele iko imara hadi leo. Ya chumba cha nyuma, ukipitisha msumari, inatoa unga. Nimeiwekea zulia, lakini nyayo zangu zinajua.

Tangu siku hiyo kila mteja anayenunua saruji kwangu namwambia achukue kipande cha ubao ulionyooka, apitishe juu ya kila karai kabla halijamwagwa. Ni ubao wa bure. Nilimwonyesha mtoto dukani kwa mchanga wa kweli: karai la kilima na karai la kukata, kisha akapima tofauti kwa kopo. Alikaa pale nusu saa nzima. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Kwa hiyo shangazi, lumbesa nayo ni hivyo hivyo?" Ndiyo. Gunia la viazi lililoshonewa kofia juu linauzwa kwa bei ya gunia moja, na mkulima anahesabiwa moja huku mabegani mwa mpakiaji kuna moja na zaidi. Namba ni ya kweli, kipimo ni cha uongo.

Kuna kosa lingine dogo la maneno ambalo nalisikia dukani kila wiki, na naliandika hapa upesi maana linawaumiza wanaopiga dawa kahawa. Moja kwa kumi si moja katika kumi. Dawa lita 1 kwa maji lita 10 inakupa lita 11. Dawa lita 1 katika lita 10 maana yake maji ni lita 9. Vivyo hivyo saruji katika 1:2:4 ni nusu ya mchanga, lakini ni sehemu moja katika saba za vyote vikiwa vikavu. Mtoto alikuwa ameandika mahali fulani kwamba ni robo. Alikuwa ameilinganisha na kokoto peke yake. Ukisikia "kwa", wanalinganishwa wawili. Ukisikia "katika", mmoja analinganishwa na familia yake yote.

Turudi kwa mafundi wa siku 16. Nilimpeleka mtoto nyuma ya nyumba ya mama, kwenye mfongo. Kwa wasomaji wasio wa huku: mifongo ni mifereji ambayo wazee wetu waliichimba tangu zamani kukinga maji ya mito ya mlimani na kuyapitisha kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na hadi leo ina zamu na ina wasimamizi. Tuseme maji ni ya mchana tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, saa 12 kamili. Kaya zikiwa sita, kila moja inapata saa mbili. Zikiwa nane, saa moja na nusu. Zikiwa kumi na mbili, saa moja.

"Hapa nani anamdai nani?" nikauliza.

Akafikiri sana. "Hakuna anayemdai mwenzake. Wote wanadai mchana."

Nilimkumbatia. Huo ndio uwiano kinyume wote, na sijauona ukielezwa vizuri kuliko hivyo. Kuna mfuko mmoja usioongezeka, na wawili wanaula. Kaya zikichukua zaidi, saa zinapungua. Kisichobadilika hapa si jibu la kugawanya, ni jibu la kuzidisha: 6 mara 2 ni 12, 8 mara 1½ ni 12, 12 mara 1 ni 12. Ukuta wa mafundi nao ni mfuko kama huo. Mafundi 6 kwa siku 8 ni siku 48 za kazi. Ukuta unadai siku 48, haujali ni za nani. Mafundi 12 wataulipa kwa siku 4. Alifuta 16 kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Hata hivyo nikamwambia asiiamini hesabu hiyo kupita kiasi. Mafundi 48 kwa siku moja? Karatasi inakubali. Ukuta wa mita kumi haukubali, hawatapata hata pa kusimama, na chokaa ya chini haijashika wakati ya juu inawekwa. Mafundi 480 kwa sehemu ya kumi ya siku ni jambo ambalo mwenye akili halisemi. Uwiano ni kweli ndani ya mipaka yake, na mipaka hiyo haiandikwi kwenye swali.

Vikija vitu vitatu kwa pamoja watoto wengi hukata tamaa, na sioni sababu. Vibarua 4 wamepalilia eka 2 kwa siku 3. Je, eka 5 zipaliliwe kwa siku 6, unahitaji vibarua wangapi? Usichore mishazari miwili. Tafuta deni la eka moja. Vibarua 4 kwa siku 3 ni siku 12 za jembe, zimemaliza eka 2, kwa hiyo eka moja inadai siku 6 za jembe. Eka 5 zinadai 30. Una siku 6, basi vibarua 5. Mtoto alimaliza maswali tisa ya namna hii kabla ya chakula cha jioni.

Sasa nije kwenye lile ninalolijali kuliko yote, ambalo ni deni lisilokuwepo. Mama alikuwa ameongeza ndizi kutoka mikungu minne hadi sita, akaongeza ulezi, akaongeza magome ya mti wa msesewe, akaongeza kuni. Nikamwuliza mtoto: kama mikungu minne inachachuka kwa siku nne, sita itachachuka kwa siku ngapi? Akafungua kinywa kusema sita. Akakifunga. Akamtazama bibi yake.

"Siku ni zile zile," mama akasema. "Siku hazidaiwi na ndizi."

Makande hivyo hivyo. Kilo moja ikiiva kwa saa tatu, kilo mbili kwenye sufuria kubwa hazihitaji saa sita. Kila punje inaiva kwa wakati wake, haingoji mwenzake. Na mtu anaweza kuandika namba nne vizuri kabisa, akachora mshazari, akapata jibu lisilo na maana yoyote. Mshazari hauna macho, unazidisha chochote ulichokiweka pale.

Vipo pia vinavyokua pamoja bila kuwiana. Mama alinizaa akiwa na miaka 24. Nilipokuwa na miaka 6 yeye alikuwa na 30, mara tano yangu. Nilipofika 24 yeye alikuwa na 48, mara mbili. Mwaka huu nina 48, yeye ana 72, yaani 3 kwa 2. Kila mwaka tunaongezeka sote, moja kwa moja, hatuachani hata siku, lakini uwiano haukai mahali pamoja. Kisichobadilika kati yetu ni tofauti: 24, daima. Na uwiano wetu unazidi kukaribia 1:1 na hautafika. Nilipomwandikia mtoto orodha hiyo ya miaka kwenye daftari nilijikuta nimenyamaza kidogo, maana zamani mama alikuwa mtu mkubwa sana kwangu, na sasa tunashikana mikono tukishuka ngazi za kanisa kama watu wa rika moja.

Mlima wenyewe unafundisha tofauti hii, kwa anayetaka kujifunza. Kaka yangu, baba yake huyu mtoto, amebeba mizigo ya watalii kwa miaka mingi. Ukimwuliza juu pakoje atakuambia baridi inaongezeka na oksijeni inabaki nusu. Yote mawili ni kweli, ila yanashuka kwa njia mbili tofauti. Joto hushuka kwa kutoa: kwa wastani nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka hapa mjini hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni kupanda karibu mita 5,000, kwa hiyo unatoa kama nyuzi 32, na mchana wa Moshi wa nyuzi 27 unageuka barafu. Hewa haishuki kwa kutoa, inashuka kwa kugawanya. Kila ukipanda kama mita 5,500, mgandamizo wake unabaki nusu ya ulivyokuwa, na ungekuwa na mlima mwingine juu ya huu ungebaki nusu ya nusu. Ni mwendo ule ule wa maji ya Abrams kwenye zege.

Halafu kuna jambo ambalo kaka yangu hakuliamini mpaka tulipoliandika. Uwiano wa oksijeni ndani ya hewa kule juu haujabadilika. Huku chini, katika kila sehemu 100 za hewa kuna karibu sehemu 21 za oksijeni. Kule Uhuru ni 21 zile zile. Kilichopungua ni hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi inabeba karibu nusu ya oksijeni ya pumzi ya pwani. Mbege ile ile, kata ndogo. Kaka alicheka akasema miguu yake ilikuwa inajua hilo, kichwa ndicho hakikuwa kimeambiwa.

Baada ya chakula nilimsimulia mtoto habari ya mafunjo ya Misri, yale maandishi ya kale kwenye karatasi za matete, maana nilitaka aone kwamba hesabu yake ina ukoo. Kuna mafunjo ambayo Alexander Henry Rhind, Mskoti, aliyanunua Luxor mwaka 1858, na leo yako British Museum, London. Aliyeyaandika ni mwandishi aitwaye Ahmes, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ndani yake kuna swali la kugawa mikate 700 kwa watu wanne, kwa uwiano wa theluthi mbili, nusu, theluthi moja na robo. Tulilifanya. Kigawe kidogo cha shirika ni 12, ukizidisha unapata 8:6:4:3, jumla sehemu 21. Kila sehemu ni mikate 33 na theluthi. Namba inachosha, basi tukageuza mikate kuwa fedha za kikoba: wanawake wanne wenye hisa 40, 30, 20 na 15, faida shilingi 840,000. Uwiano ni ule ule, 8:6:4:3, na kila sehemu ni 40,000. Wa kwanza 320,000, wa pili 240,000, wa tatu 160,000, wa nne 120,000. Katika kikoba chetu tumewahi kugombana kwa sababu mmoja alitaka faida igawanywe sawa kwa sawa. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaita sawa kitu kingine. Alitaka kila mtu adai sawa, wengine tulitaka kila hisa idai sawa. Tungelisema hivyo mapema tusingepandishiana sauti.

Lakini kilichomfurahisha mama katika habari za Ahmes ni bia. Wamisri wale walikuwa na kipimo kiitwacho pefsu. Unachukua idadi ya mitungi ya bia, unagawa kwa vipimo vya nafaka vilivyotumika. Pefsu kubwa maana yake nafaka kidogo imetoa bia nyingi, kwa hiyo bia ni nyepesi. Pefsu ndogo, bia ni nzito. Na walikuwa wakibadilishana mikate na bia kwa hesabu hiyo, ili mtu asipewe maji akidhani amepewa pombe.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa hao wamenizidi nini?" akauliza. "Mbege ya kata 20 kwa sado ni ya harusi. Ya kata 24 ni ya ubatizo. Ikifika 30 huyo mpishi anauza maji, hatuendi kwake tena."

Siku ya ubatizo mtoto alijipa kazi ya kuhesabu kata zinazotoka kwenye pipa. Zilitoka 108. Akagawa kwa sado nne na nusu, akapata 24, akamkimbilia bibi yake na daftari mkononi. Mama alitikisa kichwa tu kwa kuridhika, kisha akamwambia Desemba baba yake mdogo anaoa, na wageni watakunywa kata 300, za harusi.

Alikaa kwenye kigoda akaandika. Kata 300, kwa 20, ni sado 15. Sado 15 zinadai mikungu 20. Akaangalia alichoandika, akafuta 300, akaweka 360.

"Kuna wasiokuwa na kadi, bibi," akasema. "Sado 18. Mikungu 24."

Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda nyuma ya nyumba kuhesabu migomba.